Dirisha la kuangalia ziwa: nyumba inayosimama tena kwenye kilima cha Shasha

Ukitoka Sake kwenda Minova, ziwa linakuwa mkono wa kushoto na kilima mkono wa kuume. Wasikilizaji wa Shasha hawana haja ya kuelezwa njia hiyo, kwa sababu wengi wameipita mara mbili kwa miguu katika miaka hii, mara ya kwanza wakikimbia, mara ya pili wakirudi. Juu kidogo ya barabara, mahali ambapo migomba inaisha na majani ya ng'ombe yanaanza, kuna msingi wa mawe uliobaki peke yake tangu mwezi wa pili wa 2024, vita vilipofika kwenye barabara hii. Nyumba ya mbao iliyokuwa juu yake haipo tena. Mbao zimekwenda, mabati yamekwenda, hata misumari imeng'olewa. Mawe hayakubebwa. Jiwe ni zito, na ukilibeba hujui utamuuzia nani.

Mwenye msingi huo ni mama mmoja mjane. Alikaa kambini Bulengo na watoto wake wanne, na mume wake aliugua huko huko na kufariki. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, alifunga vitu vyake ndani ya turubai lile lile lililokuwa paa lake akarudi Shasha. Kati ya vitu alivyobeba kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa na kadi yake ya kura, makaratasi ya ubatizo ya watoto, na kipande cha mfuko wa simenti kilichokunjwa vizuri. Upande mweupe wa kipande kile mume wake alikuwa amechora nyumba kwa kalamu ya buluu.

Haikuwa nyumba kubwa: vyumba vitatu, baraza upande mmoja, jiko nje. Lakini ukutani upande wa ziwa alichora dirisha moja pana, karibu upana wa chumba kizima, na chini yake akaandika: «mama akae hapa asubuhi».

Mama huyo hakuwa na pesa ya nyumba ile mume wake alipokuwa hai, na leo anazo kidogo zaidi. Ana mabati 18 aliyoyapata kwa kuuza shamba dogo la mihogo, ana mikono ya watoto wake, na ana mawe. Swali lililoikalisha familia chini siku tatu mfululizo lilikuwa hili: ajenge haraka chini, karibu na barabara, kibanda cha mbao kama wengine, au apande tena juu kwenye msingi wa mume wake na kuifuata karatasi?

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, hakuzunguka. «Shemeji, nyumba nzuri inaita watu. Ukiweka dirisha kubwa linaloangalia barabara, ile siku risasi zitakapolia tena utalala wapi na watoto?»

Mama alijibu, «Shemeji, kule Bulengo nimelala miezi mingapi bila dirisha? Kufa kwa giza nako ni kufa.»

Mzee hakupata jibu siku hiyo. Na kwa kweli wote wawili walisema jambo la haki, ndiyo sababu mazungumzo yalikuwa marefu.

Kijana wake wa kwanza, aliyesoma mambo ya ujenzi mpaka shule ilipofungwa, alianza kutafuta kwenye simu namna watu wengine wanavyojenga kwenye kilima. Alichopata kwanza kilimchekesha. Nyumba za matajiri, zile za bei ambayo mtu wa Masisi hawezi hata kuitamka, zimejengwa kwa mawe ya mahali pale pale, udongo, mianzi, miti isiyopakwa rangi. Wanawalipa wataalamu ili jua la asubuhi liingie mahali fulani na si mahali pengine. Wanapanga kuta zao kufuatana na vinyago na vitambaa watakavyotundika. «Mama,» alisema, «hawa wanatafuta vitu ambavyo sisi tunavikalia.»

Si kweli kabisa, na fundi masoni aliyeitwa kutazama msingi alimsahihisha palepale. Nyumba za wazee wetu zilikuwa za majani na fito, na zilikuwa na joto usiku, lakini mlango ulikuwa mdogo, dirisha hapakuwa, na moshi wa jikoni uliwaharibu akina mama macho. Udongo na mawe peke yake havileti mwanga. Mwanga unapangwa.

Nyumba moja kati ya zile alizoziona kijana iko karibu na sisi kuliko anavyofikiri mtu, huko Kenya, karibu na Mto Athi, inaangalia mbuga ya wanyama ya Nairobi. Inaitwa African Heritage House. Aliyeijenga ni Alan Donovan, Mmarekani aliyefika Kenya mwaka 1970, akaipenda sanaa ya Afrika mpaka hakurudi kwao tena. Mwaka 1972 alianzisha duka na nyumba ya sanaa pamoja na Joseph Murumbi na mke wake Murumbi, Sheila. Huyu Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, mwaka 1966, akajiuzulu baada ya miezi michache, na maisha yake yaliyobaki aliyaweka kwenye vitabu na vitu vya sanaa vya bara hili.

Nyumba ya Donovan kwa nje inafanana na kitu kilichoota ardhini. Aliichora kwa kuangalia majengo ya udongo ya Afrika Magharibi, kama ule msikiti wa Djenné huko Mali, na pia nyumba za pwani ya Waswahili. Ndani kila ukuta ulipangwa kwa ajili ya kitu: vitambaa, vinyago, vibuyu, viti vya miguu mitatu, mapambo ya watu wa jangwani. Madirisha yanaangalia mbuga.

Halafu ikaja reli mpya. Njia ya reli kutoka Mombasa ilipopangwa kufika Nairobi, nyumba hiyo iliwekwa kati ya zile ambazo zingeweza kubomolewa. Mzee Donovan hakunyamaza, na watu wengi walisema pamoja naye. Mwezi wa kwanza wa 2016 serikali ya Kenya iliitangaza nyumba hiyo kuwa kumbukumbu ya taifa. Treni inapita karibu, na nyumba bado iko. Donovan alifariki mwezi wa 12 wa 2021.

Lakini nyumba ya rafiki yake haikupona. Murumbi aliuza mkusanyo wake na nyumba yake ya Muthaiga kwa serikali katika miaka ya 1970, akitumaini nyumba iwe mahali pa kusomea utamaduni wa Afrika. Nyumba ile haipo tena, iliachwa mpaka ikabomolewa. Vitu vilivyokuwa ndani yake, au sehemu yake kubwa, mtu anaweza kuviona leo kwenye jengo la Hifadhi ya Nyaraka katikati ya Nairobi. Mwenyewe alifariki mwaka 1990.

Kijana alipomsimulia mama yake habari ya nyumba hizo mbili, mama hakuuliza kuhusu ile iliyopona. Aliuliza kuhusu Murumbi. Alitaka kujua kama alikuwa bado mzima alipoona nyumba yake imeachwa.

Turudi kwenye mawe, maana hapo ndipo fundi alipotumia siku nyingi.

Kutoka Goma mpaka Sake tunatembea juu ya mawe meusi. Ni moto uliopoa. Mlima Nyamulagira ulitoa moto mwaka 1938 mpaka 1940, na lava yake ikashuka mpaka ikaingia ziwani upande wa Sake. Nyiragongo nao ulishuka mpaka katikati ya Goma tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, kisha tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ukasimama karibu na mji. Kila mara watu wa Goma wamefanya jambo lile lile: wamengoja jiwe lipoe, wakalivunja kwa nyundo, wakajengea. Goma ni mji unaojua kuishi na jiwe hili. Ni jepesi kidogo kwa sababu lina matundu, linashika udongo na simenti vizuri, na halili maji kutoka chini kama tofali bovu.

Kule Rumangabo, kwenye makao ya mbuga ya Virunga, nyumba za wageni za Mikeno zilijengwa kwa mawe hayo hayo na paa za majani, ndani ya msitu. Watalii walilipa pesa nyingi kulala ndani ya jiwe ambalo mtoto wa Mugunga analirusha kwa mbuzi. Ng'ambo ya mpaka, kwenye kilima cha Butaro, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ilijengwa kwa jiwe la volkeno ambalo wakulima walikuwa wakilitupa pembeni ya mashamba kama takataka. Mafundi wa pale pale walijifunza kulichonga na kulipanga mpaka mawe yakakaa karibu karibu, bila mistari minene ya simenti kati yake. Wanasema ukuta wa kwanza haukuwa mzuri kama wa mwisho, na jambo hilo fundi wa Shasha alilipenda sana alipolisikia. «Hata wao walijifunza njiani,» alisema.

Yeye alijifunza Goma baada ya 2002, akiwa kijana wa kubeba maji. Alipofika kwenye msingi wa marehemu, hakugusa jiwe lolote siku ya kwanza. Alipanda juu ya kiwanja, akaangalia maji yanapita wapi mvua ikinyesha.

Hili si jambo dogo kwetu. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, kusini ya hapa kwenye mwambao huu huu, huko Kalehe, mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kila anayejenga kwenye kilima cha ziwa Kivu anajenga akiwa na habari hiyo moyoni. Fundi alitafuta dalili anazozijua: mti ulioinama huku mizizi ikiangalia juu, ufa kwenye udongo unaofanana na mwezi mchanga, chemchemi mpya mahali ambapo zamani palikuwa pakavu, bonde lenye mawe makubwa yaliyoshuka zamani. Kiwanja cha marehemu kilikuwa kwenye mgongo wa kilima, si ndani ya bonde. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekwisha kufikiri, hata kama hakuandika sababu kwenye mfuko wa simenti.

Tena kuna mazuku. Wageni hawalijui neno hilo, lakini wataalamu wa volkeno wamelichukua kutoka kwetu na wanaliandika hivyo hivyo kwenye vitabu vyao. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Huioni wala huisikii. Mbuzi anaingia hatoki, na mtoto vilevile. Basi hata anayejenga mbali na matundu yenyewe anafuata desturi moja: usilaze watoto shimoni, usichimbe nyumba ikaingia ndani ya kilima kama sanduku lisilo na njia ya hewa. Sakafu iwe juu, na hewa iwe na mahali pa kutokea chini pia, si juu peke yake.

Kwa hiyo fundi alichimba mfereji kwanza, upande wa juu wa kiwanja, upana wa jembe mbili, ukashuka pembeni mpaka kwenye matete. Halafu akajenga ukuta wa kuzuia udongo, mawe makavu bila simenti. Watu wa jirani walimwambia anachezea. Yeye aliwaeleza kwamba ukuta uliofungwa kwa simenti unazuia maji, na maji yakikusanyika nyuma yake yanausukuma mpaka unaanguka wote kwa siku moja. Ukuta mkavu unapitisha maji. Ila una masharti: kitako chake kiwe kipana karibu nusu ya urefu wake, uegemee kilima kidogo kidogo, mawe makubwa yaende chini na mengine marefu yaingie ndani ya udongo kama meno, na nyuma yake ujaze mawe madogo, usijaze udongo mtupu. Kazi ya ukuta ule ilichukua wiki mbili. Mama alipika, watoto walibeba, na shemeji, ambaye hakuwa amekubali bado, alikuja kila asubuhi kukaa kwenye jiwe na kusema kwamba hawezi kukubali.

Juu ya msingi wa mawe zilikuja kuta za udongo. Fundi alichukua chupa ya plastiki, akaweka udongo wa kiwanja mpaka nusu, akajaza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha kwenye kivuli mpaka kesho yake. Mchanga ulikaa chini, udongo laini juu yake, na ufinyanzi juu kabisa. Ufinyanzi ulikuwa mwingi mno; tofali la namna hiyo linapasuka likikauka. Akachanganya na mchanga wa mtoni na majani makavu yaliyokatwa katwa. Matofali hayakuchomwa. Kuchoma kunataka miti, na vilima vya Masisi vimekwisha kunyolewa vya kutosha kwa ajili ya makala na mbao. Tofali bichi linaweza kuishi miaka mingi kama lina kofia na viatu. Viatu ni mawe, yasiyopungua urefu wa goti, na kofia ni paa linalotoka nje ya ukuta zaidi ya nusu mita ili mvua isilipige. Hapo mabati 18 yalihesabiwa mara nyingi. Ilibidi chumba kimoja kipunguzwe hatua moja.

Kuhusu mabati, kila mtu aliyelala chini yake anajua: mchana ni tanuri, usiku ni barafu, mvua ikinyesha husikii hata mtoto akilia. Mjenzi Francis Kéré wa Burkina Faso alilifikiria jambo hilo alipojenga shule ya kijiji chake cha Gando mwaka 2001 pamoja na wanakijiji wenyewe. Hakutupa mabati. Aliyainua juu, yakakaa mbali na dari ya tofali, na upepo ukapita katikati ukabeba joto. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kati ya wajenzi ni kubwa kupita zote, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Shasha hakuna joto la Burkina. Ziwa letu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na usiku tunatafuta blanketi. Lakini nafasi ile kati ya bati na dari inafaa hata kwa baridi na kwa kelele. Fundi alitandaza dari ya mianzi iliyopasuliwa, akapaka juu yake udongo uliochanganywa na majani. Mianzi ilikatwa mikomavu, ikalala ndani ya maji wiki kadhaa ili wadudu wasiitamani. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya chumba kile, mtoto mdogo aliuliza kama imeacha.

Likabaki dirisha.

Jua la Shasha linatoka ziwani, karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Linaingia chini, limelala, linafika mpaka ukuta wa nyuma wa chumba. Jioni kilima kinalificha mapema. Maana yake nyumba ya upande wetu inaishi kwa mwanga wa asubuhi, na mwanga huo unatoka mashariki, ziwani. Na barabara iko huko huko. Ziwa na barabara ziko upande mmoja. Hakuna namna ya kuangalia moja bila nyingine kukuona. Mume alichora dirisha lake wakati ambapo barabara ilikuwa inapitisha malori ya maharagwe na akina mama wa soko la Minova. Shemeji anaikumbuka barabara ya 2024.

Fundi aliwasikiliza, halafu akachora yake kwa kijiti ardhini. Ukuta wa upande wa ziwa atauongeza unene, uwe sentimeta 45, mawe mpaka kifuani mwa mtu aliyesimama. Juu ya hapo atafungua matundu matatu membamba, marefu, kila moja upana wa mkono mmoja kwa nje. Lakini ndani yatapanuka, kingo zake zikikatwa kwa mshazari pande zote mbili na chini, kisha zipakwe chokaa nyeupe. Mwanga unaingia mwembamba, unagonga kingo nyeupe, unatawanyika. Tundu dogo linafanya kazi ya dirisha kubwa. Aliye nje anaona mstari wa giza tu. Na vitanda vitakaa chini ya ukuta wa mawe, si mbele ya matundu. Anayetaka kuliona ziwa lote atoke kwenye baraza upande wa kusini, akae, aangalie.

Shemeji alizunguka mchoro ule mara mbili. «Hapa sasa unaongea,» alisema.

Mama hakusema kitu. Aliingia ndani ya kuta ambazo zilikuwa bado hazijafika kiunoni, akasimama mahali palipoandikwa kwenye karatasi, akaangalia ziwa. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akamwambia fundi aendelee.

Kuhusu mapambo, familia haikuwa na mengi. Kilichobaki ni kapu moja kubwa la kusuka lililotoka kwa mama yake, na mkeka uliosukwa kambini na mama mmoja wa Walikale ambaye walikaa naye turubai kwa turubai. Kijana alipendekeza vitundikwe kama kwenye picha za matajiri. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alicheka. Kwa Walega, alisema, vile vinyago vidogo vya pembe ambavyo Wazungu wanaviweka leo kwenye vioo vilikuwa mali ya watu wa bwami, na vilikaa ndani ya mifuko na vikapu, vikitolewa siku yake. Havikutundikwa. Na Wanyanga wa Walikale sanaa yao kubwa haikuhitaji ukuta: utenzi wa Mwindo uliimbwa na kuchezwa kwa siku nyingi, na Candi Rureke ndiye aliyeusimulia mwaka 1956 mpaka ukaandikwa. Mtu anayekimbia vita anaweza kuubeba utenzi bila kubeba kitu.

Hata hivyo mama alitaka kapu lake lionekane. Fundi aliacha kishimo ukutani, kina cha shubiri moja, kwenye ukuta wa nyuma, mahali hasa ambapo mwanga wa tundu la katikati unafika asubuhi. Kuta za ndani zilipakwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, tabaka mbili, kisha udongo mweupe. Binti wa pili alichora kwa vidole mistari kama mawimbi kuzunguka kishimo kile kabla udongo haujakauka. Hakuna aliyemwambia achore, na hakuna aliyemkataza.

Milango bado ni ya kuazima. Matundu mawili kati ya matatu yana mbao. La tatu limefunikwa na kipande cha turubai la Bulengo, jeupe, ambalo jua likilipiga linawaka kama taa. Jiko bado ni mawe matatu nje.

Siku fundi alipomaliza ukuta wa ziwa, alimwita mama aje kuangalia kitu. Juu ya yale matundu matatu alikuwa ameweka gogo moja refu la mti mgumu, linalopita kutoka pembe moja ya chumba karibu mpaka nyingine, ingawa matundu membamba hayahitaji boriti ya namna hiyo. Na kati ya matundu, chini ya gogo, matofali hayakufungwa na yale ya pembeni. Yalipangwa yakisimama peke yake, na udongo mwembamba tu katikati. Mama alipitisha kidole kwenye mstari ule, kutoka juu mpaka chini, upande wa kushoto, halafu upande wa kuume.

«Yanatoka?» aliuliza.

«Kwa siku moja, Mama,» fundi alisema. «Na gogo linabeba paa. Siku utakayotaka, uniite.»

Shemeji alikuwa amekaa kwenye jiwe lake. Aliona, akageuka akaangalia barabara, hakusema neno.